Kaski Isiyo ya Pikipiki

Mdogo wangu Bashige Wenceslas ana miaka arobaini na moja, ana diploma, ana ndevu, ana heshima zake hapa Goma, mtaani Katoyi, na hajui kusema hapana. Nawaambia mapema ili msije mkamwonea huruma pasipostahili. Mtu akimwomba amshikie ngazi, anashika. Akiombwa kumsindikiza mtu mpaka Katindo kuangalia kiwanja, anasindikiza, na akirudi anamkuta mwingine amekalia kiti chake, anamngoja amsomee barua. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo. Lakini katika mji wetu mwanaume aliye nyumbani saa nne asubuhi ni mwanaume asiye na kazi, hata akiwa na kompyuta mbele yake na penseli nyuma ya sikio.

Zamani alikuwa na ofisi. Mambo yalipoharibika mjini ofisi ikafungwa, wakubwa wakaondoka na funguo, naye akaja kwangu na kompyuta aliyoificha chini ya koti. Mimi ni Sidonie, fundi wa nguo. Nyumba yangu ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano kama nyumba zote za huku, na sebule ndiyo karakana: mashine dirishani, meza ya kukatia katikati, benchi la wateja ukutani. Nikampa kona iliyobaki, karibu na kabati la vyombo. Kona ilimtosha yeye na kiti chake, magoti yakabaki nje.

Hayo ni ya miezi kumi na moja iliyopita. Katika miezi hiyo alichora choo kimoja na kibanda kimoja cha kuuzia mikate, vyote vya majirani, na malipo yake yalikuwa asante. Baba yetu, mzee Mulumeoderhwa, ana duka la mbao Bukavu, ng'ambo ya ziwa. Akaanza kupiga simu kila Jumapili baada ya misa: mtoto apande meli, arudi nyumbani, aje kupima mbao. Bashige akamjibu sawa baba, nikimaliza hii moja. Hii moja ilikuwa maternité ya Mugunga. Kulikuwa na shirika lililotaka kujenga nyumba ya kuzalia huko, na injinia wake Kambere, mtu wa Butembo anayeongea kama anakimbilia gari, alimpa Bashige majuma matatu: michoro yote ifike Ijumaa saa sita mchana. Ikikubaliwa, Bashige atasimamia ujenzi mpaka mwisho. Ikikataliwa, ni Bukavu. Hivyo ndivyo walivyopatana yeye na baba, na mimi nilisikia kila neno kwa sababu sebule yangu haina siri.

Juma la kwanza alichora mlango mmoja.

Siwezi kumlaumu peke yake. Mashine yangu inapiga kelele, wateja wangu wanapiga kelele zaidi, na kila aliyeingia alimwona pale konani akaona mtu wa kuongea naye. Alipopita Aurélie, binti ya mjomba wetu anayefanya kazi za kompyuta Kigali, akamkuta na mlango wake mmoja na macho mekundu. Akafungua begi, akamwachia kitu cheupe kinachofanana na miwani ya kuogelea iliyonenepa. Unakifunga kichwani, kinafunika macho yote. Kamera zake zinakuonyesha chumba ulichomo, meza, kikombe, mikono yako mwenyewe, na ndani ya chumba hicho unatundika skrini hewani, kubwa kama shuka, tatu au nne upendavyo, na wengine hawazioni. Aurélie alieleza kwa Kifaransa kirefu kwamba wenzake kazini wanakivaa ili akili itulie na kazi itoke. Kwa kifupi alikiita casque.

Sasa, Goma kaski ni ya pikipiki. Kabla ya chakula cha mchana watu wanne walikuwa wamekuja kuuliza kama Bashige amenunua moto, yaani pikipiki, na Mama Fabiola wa mikate akataka kujua kama kesho anaweza kumpeleka Birere na makapu yake. Bashige alijibu kwamba atajaribu. Ilibidi nimfuate mama wa watu mpaka kwake kumweleza kwamba mdogo wangu hana hata baiskeli.

Kesho yake akakivaa. Nilikuwa nashona sare za shule, nikamwona ananyoosha mikono, anafinya hewa kwa vidole viwili, anaivuta, anaiachia, kama mtu anayeanika nguo zisizokuwepo. Kisha akatulia, akaanza kuandika. Nikamsemesha, akaitika "mm" tu. Nikamwita mara ya pili.

"Yaya, niko natumika," akasema, bila kugeuza kichwa. Kwetu yaya ni dada mkubwa, na kutumika ni kufanya kazi.

"Unaniona?"

"Apana. Pale uliko nimetia skrini. Nikikuona, akili inakimbia."

"Na kwa hiyo skrini kuna nini?"

Akasita kidogo. "Vyoo ya bagonjwa."

Nimemlea mtoto huyu. Nimembeba mgongoni kutoka shambani mpaka kisimani na kurudi. Leo nimekaa kwenye nyumba yangu, mbele ya mashine yangu, na usoni nimefunikwa na vyoo vya wagonjwa. Nikamwambia Jumapili baba akipiga amweleze kwamba dada yake amegeuka choo. Nikamwambia pia, kama nilivyokuwa nikimwambia karibu kila siku kwa kuchekesha wateja, kwamba kwenye kona ile ingeingia vizuri mashine ya pili, na mashine ya pili isingekula sombe yangu ya majani ya muhogo. Wateja wakacheka. Yeye akaendelea kuandika.

Hata hivyo nitasema kweli: kazi ilitembea. Betri ilidumu saa mbili, basi alifanya saa mbili bila kuinuka, akaweka kaski kwenye umeme, akanywa chai ya tangawizi, akaivaa tena. Watu walioingia walimwona na kitu kile usoni, wakashusha sauti wakamwacha. Hakuhitaji kumkatalia mtu yeyote. Mwisho wa juma la pili kuta zilikuwa zimesimama, madirisha yamekaa, na kulikuwa na ukumbi wa mikutano wenye viti ishirini, kwa sababu Kambere alisema wafadhili wanapenda ukumbi wa mikutano.

Halafu akaja Mama Thérèse.

Mama Thérèse anauza vikwembe, yaani vitenge, anatoka upande wa Butembo, na ni Mkatoliki wa aina ile inayofika kanisani kabla ya padri. Alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja blauzi yake, ananisimulia habari za mkwe wake Élodie, mwenye mimba kubwa, anayekaa Mugunga: mtoto amelala vibaya tumboni, muuguzi ana wasiwasi. Wakati huo Bashige alikuwa anapanga skrini zake upya. Moja aliiweka juu, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso. Nyingine akaishusha chini, mkono ukafika kifuani. Ya tatu akaisukuma kushoto, ya nne kulia.

Mama Thérèse akanyamaza. Akafanya ishara ya msalaba na yeye.

"Amina," akasema. "Baba Bashige, uombee na mutoto pia, ageuke."

"Sawa, mama," akajibu Bashige, ambaye huwajibu hivyo watu wote.

Nilitaka kumweleza Mama Thérèse ukweli. Lakini nilikuwa na pini sita mdomoni, na nilipozitoa alikuwa ameshafika barabarani. Basi, Jumatatu Élodie alienda kupimwa na mtoto alikuwa amegeuka, kichwa chini, kama anavyotakiwa. Watoto hugeuka. Lakini nenda ukamwambie hivyo Mama Thérèse.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya michoro kutakiwa, nilifungua mlango nikakuta wamama watano na rozari zao. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya nguo. Wakakaa kwenye benchi, wakabanana, wakamtazama mdogo wangu kwa unyenyekevu. Yeye alikuwa amezama kwenye mabati ya paa. Mama Thérèse akakohoa mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu Bashige akapandisha kaski kwenye paji la uso, akawaona.

"Mutoto ya Élodie amegeuka," Mama Thérèse akatangaza. "Docteur mwenyewe ameshangaa. Tumekuya bote, utuombee na ile kaski."

"Mama, mi si padri. Niko nachora."

"Unachora wapi? Karatasi haiko."

"Nachora maternité. Ya Mugunga."

Wakatazamana. Rozari zikarudi mikobani polepole. Nilidhani wataondoka wamekasirika, na ningefurahi, maana saa zilikuwa zinakwisha. Lakini Mama Thérèse hatoki mahali bila kupata kitu.

"Basi tuonyeshe," akasema.

Mnamjua mdogo wangu. Akasema sawa.

Tukatoka uani wote. Ilibidi iwe uani kwa sababu kaski ile inaweza kukuza mchoro ukawa na ukubwa wa jengo lenyewe, ukasimama mbele yako, ukauzunguka na kuuingia kwa miguu yako. Mama Thérèse akavalishwa, kilemba kikamsumbua, akakivua akanipa nishike. Akasimama kwenye mawe, hatua mbili kutoka kamba yangu ya nguo.

"Hodi," akasema.

Tulimwacha angoje. Bashige ndiye aliyemwitikia, kwa sauti ndogo, "Karibu, mama." Akaingia. Akatembea kwenye ua wangu akisifu kuta, akapapasa vitanda na mikono yake ikapita katikati, akalalamika kwamba godoro haliko, akahesabu madirisha, akagonga goti kwenye jiwe la kweli na kumlaumu fundi. Wenzake walikuwa wameshika mbavu. Mimi pia nilicheka, mpaka aliposimama katikati ya ua, akageuka kushoto na kulia, akitafuta kitu.

"Bashige. Garde-malade atalala wapi?"

Mama Thérèse akapiga hatua mbili kuelekea kamba ya nguo.

"Na jiko iko wapi? Mi nimeleta muke ya mutoto wangu azae. Niko na sufuria, niko na makala ya kupikia, niko na bidon ya maji. Niende wapi navyo?"

Kwetu hakuna anayelala hospitalini peke yake. Nyuma ya kila mgonjwa kuna mama, mama mkwe au dada, na masufuria yake. Garde-malade ndiye huyo anayempikia, anayemfulia, anayemshika mkono usiku, na yeye mwenyewe analala panapopatikana. Bashige anajua hayo. Alipozaliwa, nyanya yetu alikuwa nje anachochea uji. Lakini majuma mawili ya utulivu, na skrini kubwa kama shuka, yalimfanya achore vitanda kumi na viwili, vyoo sita na ukumbi wa viti ishirini, na akamsahau nyanya yake.

"Haiko kwa programme ile balinipatia," akasema, na masikio yakamwiva.

Wa pili kuvaa alikuwa Mukantwari, mwanamke mwembamba asiyependa kuongea, anayeuza makaa njia ya Sake. Alipofika kwenye mlango aliinama ili apite. Bashige akamwambia mlango ni mrefu, mama, pita tu. Hakumsikia, au alikuwa amezoea milango mingine. Akaingia ameinama, akasimama kando ya kitanda cha kwanza kwa muda mrefu, kisha akavua kaski mwenyewe na kumrudishia.

"Mi nilizalia Mugunga, kwa camp ya bakimbizi," akasema. "Chini ya bâche, ile turubai. Mama yangu hakupata nafasi ya kuingia. Alisimama inje na sufuria ya bouillie, uji yangu, mvua ikamupiga mupaka nikamaliza. Sufuria ikajaa maji. Akanipatia ile ile, nikakunywa."

Mdogo wangu aliketi kwenye jiwe, kaski mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa anaiba. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa sababu nilijua atakachofanya, na ilikuwa imebaki siku moja tu.

Na ndicho alichofanya. Alichora upya. Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi alikuwa ndani ya kaski, akitoka betri inapokufa na kurudi ikifufuka, akinywa chai bila kujua kwamba ni chai. Nilizima mashine. Niliwafukuza wateja mlangoni kwa maneno ambayo sitayarudia, akiwemo Mama Thérèse aliyekuja kushauri kuhusu rafu za masufuria. Saa sita kasoro dakika nane michoro ikaondoka: maternité, vitanda vyake, na kando yake baraza refu lenye paa, meko sita, bomba la maji na mahali pa kutandika mikeka.

Saa saba Kambere akapiga simu. Bashige akaiweka kwenye sauti kubwa juu ya meza yangu ya kukatia.

"Monsieur Bashige! Plan iko propre, muzuri sana, hata bakubwa bamefurahi. Ila hii jiko na hii barza ya garde-malades haiko kwa cahier des charges, kwa masharti yetu. Toa. Toa tu, unitumie mbele ya saa nane, tunasaini leo leo."

Nilimtazama. Mdomo wake ulikuwa umeshajipanga kusema sawa, niliona. Miaka arobaini na moja mdomo ule haukujua kujipanga vingine. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nasema moyoni: sema sawa, sema sawa mara moja ya mwisho, usaini, ubaki.

"Apana, ingénieur," akasema Bashige.

"Sijasikia muzuri."

"Sitatoa. Kama munatafuta kutoa kitu, mutoe salle de réunion, ile ukumbi ya mikutano. Bamama banakuya pale kuzaa, habakuye kufanya réunion."

Kambere akasema ana wachoraji wengine wanne kwenye simu yake, na akakata.

Bashige akaketi konani kwake, magoti nje. Hakuvaa kaski. Nilikaa mbele ya mashine nikashika sare ya mtoto, sikuweza kutia uzi sindanoni. Nje chukudu, baiskeli yetu ya mbao, ilipita na mzigo wa viazi, ikigonga mawe. Nilimwona melini. Nilimwona kwenye duka la baba na futi mkononi, akiwaambia wateja sawa, sawa. Hasira ikanipanda, na nilipofungua mdomo nimtukane yakatoka maneno mengine kabisa.

"Ukienda, mi nabaki na nani?"

Akageuka. "Yaya?"

"Nimesema nabaki na nani. Hii nyumba, asubuhi mpaka jioni, na mashine tu."

Alinitazama kana kwamba nimesema Kichina.

"Lakini unatafuta kona yako," akasema. "Kila siku unasema utatia hapa mashine ya pili. Njo maana nilikimbilia hii kazi. Nilisema nikipata pa kuenda, nitakuachia nafasi."

"Nilikuwa nachekesha batu!"

"Mi sikujua."

Miezi kumi na moja. Nilikuwa nawachekesha wateja, na mtu mmoja kwenye chumba hakuwa anacheka, alikuwa anapima kona kwa macho na kuona aibu kwa magoti yake. Nikalia. Sikujificha, sikusingizia vumbi. Nikamwambia mimi ni mjinga, na yeye ni mjinga kunizidi kwa kuniamini, akasema sawa, halafu akashtuka kusikia alichosema, tukacheka wote wawili na machozi usoni.

Simu ililia saa nane kasoro dakika kumi. Kambere hakusalimu.

"Ile salle de réunion, ukitoa, inachukua wakati gani?"

"Dakika kumi, ingénieur."

"Toa. Nimeulizia mama yangu kule Butembo kwa simu hii mambo ya garde-malades. Amenigombeza mbele ya batu. Jiko ibaki. Lundi uwe Mugunga saa moja."

Jumapili baba alipopiga, nilipokea mimi, nikamwambia mtoto anabaki.

Jumatatu Bashige aliondoka alfajiri na kaski ndani ya begi, ili mafundi waingie kwenye jengo kabla hawajalijenga. Ilipofika saa nne benchi langu lilikuwa limejaa. Mteja mmoja mgeni, mwenye kitambaa cha harusi, alitazama huku na huku, akaona kiti kitupu karibu na kabati la vyombo, akakishika mgongoni akivute.

Nikasimamisha mashine.

"Samahani, mama," nikasema. "Pale kuna mutu."

Akakitazama kiti, akanitazama mimi, akabaki amesimama.